Mtumbwi Mmoja na Mama Mkwe

Mshamu alijitosa majini akiwa na suruali yake ya kitambaa na saa mkononi, na hakuna mtu aliyemsukuma. Mtumbwi wa abiria ulikuwa bado umeegemea kivukoni Mbuchi, watu wamekwisha kaa, naye yuko katikati amelikumbatia robota lake la mitumba, ndipo Bi Kijakazi alipotokea na kapu la kambamiti kichwani akasema, "Hebu nisogezeeni nami nikae." Bi Kijakazi ndiye aliyemzaa mke wake. Mshamu akatazama mbele, akatazama nyuma, akaona mtumbwi una ncha mbili na zote zimezungukwa na maji, akaruka. Chubwi. Robota likabaki mtumbwini, mwenyewe akawa amesimama kwenye tope la mapajani, amewapa watu mgongo, ametulia kama mtu anayesubiri foleni ya sukari.

"Huyu kapatwa na nini?" aliuliza mwenye mtumbwi.

"Kamwona mkwewe," abiria mmoja akajibu, na wengine wakacheka mpaka wakamwagiana maji.

Bi Kijakazi hakucheka. Alikaa pale alipokuwa amekaa kijana, akaliweka kapu lake miguuni, akamwambia mwenye mtumbwi aondoe chombo. Tangu siku ile kijiji kizima kikamwita Mshamu Bwana Chubwi, hata imamu alijisahau mara moja akamwita hivyo baada ya sala.

Lakini mtu asimcheke sana kabla hajajua alikotoka. Mshamu alizaliwa Umwe, kwa watu waliotelemka zamani kutoka milima ya Umatumbi, na kwao mkwe hakuwa mtu wa kuzoewazoewa. Mjomba wake, mtu mzima mwenye ndevu na nafasi yake safu ya mbele msikitini, akimwona mama mkwe wake anakuja njiani aliingia kwenye shamba la mihogo lolote lililokuwa karibu, hata kama si lake, akachutama humo mpaka bibi wa watu apite. Wala hapakuwa na ugomvi. Yule mama naye alipita akikohoa kidogo, kumjulisha kwamba heshima ameiona na ameipokea. Hawakula sinia moja, hawakukalia mkeka mmoja, hawakutazamana usoni. Bibi yake Mshamu alimwambia tangu mdogo: mama wa watu umekwisha mchukulia mwanawe, sasa na uso wake pia unautaka? Maneno hayo yalimkaa Mshamu kifuani kama aya za mwanzo alizofundishwa chuoni, na alipokua hakuwahi kuyatilia shaka.

Umwe njia zina kando. Mbuchi njia ni maji, na kando ya maji kuna tope, na kando ya tope kuna mikoko iliyosukana mizizi. Hapo ndipo shida yake ilipoanzia.

Alifika huko miaka ile ya ruksa, wakati kila aliyekuwa na nguvu za kubeba kitu alikuwa anauza kitu. Magari ya Dar yalikuwa yanashusha mitumba Kibiti, wachuuzi wenye masanduku ya barafu wanaingia delta, mto unapoingia baharini, kugombea kambamiti, na wanawake wa visiwani, waliozoea kungoja kanga za duka la ushirika mpaka wazeeke, wakawa wanataka blauzi, tena zenye lesi. Mshamu akabeba robota lake akawafuata. Mteja wake wa kwanza Mbuchi alikuwa Bi Kijakazi. Alikuwa mjane wa makamo, mkata boriti, mwenye mabega ya kazi na sauti iliyozoea kuita watu ng'ambo ya mkondo. Walitaniana siku hiyo hadi adhuhuri. Mshamu alimuuzia koti zito la Wazungu lenye manyoya shingoni, akamwapia kwamba lilikuwa la mke wa mfalme, na Bi Kijakazi akamwambia basi huyo mke wa mfalme alikuwa na makwapa makubwa.

Nyuma ya Bi Kijakazi alikuwa amesimama binti yake, Zuhra, anauzuia mdomo usicheke. Mshamu alirudi Mbuchi mara nyingi baada ya hapo, na si kwa sababu mitumba ilikuwa inatoka sana.

Posa ilipokubaliwa, utani ukakatika siku hiyo hiyo. Mshamu hakumtazama tena Bi Kijakazi, hakumsemesha, hakupita alipopita. Kwake yeye ilikuwa ni kumpandisha daraja: jana mteja, leo mama wa mke. Kwa Bi Kijakazi hesabu ilikuja vingine kabisa. "Alipokuwa anautaka mwili wangu auvike koti alikuwa mcheshi," alimwambia kaka yake, Mzee Kondo. "Alipompata mwanangu, kaninunia."

Nikahi ikafungwa, kwa sharti moja. Zuhra alikuwa mtoto pekee, na Bi Kijakazi alisema mkwe atakaa Mbuchi msimu mmoja wa mpunga, walime pamoja, wavune pamoja, wajuane. Baada ya mavuno baba yake Mshamu angekuja kumwomba binti rasmi, na vijana wangeondoka na baraka kwenda Kibiti, ambako Mshamu alikuwa amekwisha pata kibanda cha mbao sokoni, karibu na mabasi ya Lindi yanaposimama. Zuhra alikipenda kibanda kile kabla hajakiona. Alikuwa anakipanga kichwani kila jioni: blauzi huku, makoti kule, na cherehani mlangoni.

Kujuana kwenyewe kulikuwa hivi. Bondeni kwenye mpunga kila familia ina dungu lake, kibanda cha juu ya miti ambamo watu hukaa kufukuza ndege, na kila dungu lina ngazi moja. Mshamu akiwa juu, Bi Kijakazi akaweka mguu kwenye ngazi, Mshamu aliruka upande wa pili akaangukia kwenye mpunga. Walipoitwa kula, Bi Kijakazi alitandika mkeka mmoja na sinia moja kama ilivyo desturi ya nyumba yake, wali wa nazi umepanda mlima na kambamiti wamezunguka, akaita, "Mkwe, njoo." Mkwe alikuwa tayari yuko nyuma ya choo. Siku moja hapakuwa na pa kurukia, akachukua kutoka robotani koti jingine la baridi lenye kofia yake, akalivaa kwenye jua la Machi, akaivuta kofia mpaka puani, akakaa hivyo mpaka Bi Kijakazi alipoondoka. Zuhra alimmwagia maji ndoo mbili ndipo akili ikamrudia.

Na bado Mshamu alimpenda mama yule. Usidhani alikuwa anaigiza. Bi Kijakazi akienda kukata boriti, yeye alipanda juu ya paa kuziba pavujapo. Aliziacha kuni zilizopasuliwa vizuri mlangoni, na kanga nzuri kuliko zote ilipotokea Kibiti aliinunua, akaiweka kizingitini, akapiga hodi na kukimbia. Bi Kijakazi alifungua mlango akakuta kanga chini na mgongo wa mtu unaishia kwenye minazi.

"Ananitupia vitu kama mie paka," alimwambia binti yake.

"Mama, kwao ndiyo heshima hiyo."

"Heshima ya kumkimbia mtu? Siye hapa ukimheshimu mkubwa unamsogelea, unampokea kafi mkononi, unamuuliza kalalaje. Majini hakuna pembeni, Zuhra. Sasa mie nikianguka huko mkondoni, mumeo ataniheshimu mpaka nizame?"

Zuhra aliiokota kanga ile akaikunja. Alimpenda mama yake, alimpenda mumewe, na alikuwa amechoka kufua suruali zenye tope.

Mpunga ulipoanza kupiga rangi, Bi Kijakazi alimwita kaka yake akayasema yaliyokuwa moyoni. Hakumchukia kijana. Kijana alikuwa mchapakazi na hanywi. Lakini nyumba ambayo mwenyewe anamkimbia, yeye akienda kumwona mwanawe angefikia wapi? Angekaa uani na kuku? Angemwona mjukuu kwa dirishani? "Nina mtoto mmoja," alisema, na sauti yake ile kubwa ikawa ndogo. "Siwezi kumpeleka mahali ambapo mie sina mlango. Baba yake kijana akija nitamwambia mbele ya watu. Mwanangu haendi."

Mzee Kondo alimfuata Mshamu kwenye mpunga akamweleza yote, maana hakupenda mtu aviziwe. "Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho," alimwambia. "Kaa naye mtumbwini mara moja tu, baba. Mara moja. Mtu hafi."

"Na mwacha mila je, mjomba?" Mshamu akajibu. "Si mtumwa?"

Mzee Kondo alikuna kichwa akasema methali zote mbili ni za kweli, na hiyo ndiyo taabu ya methali.

Mshamu alijaribu, Mungu anajua. Alikwenda kivukoni asubuhi baada ya asubuhi, akajiambia leo nitakaa, leo nitasema shikamoo mama. Bi Kijakazi alipotokea, miguu ilifanya uamuzi wake. Aliona uchungu mpaka machozi yakamtoka, amesimama kwenye tope na kaa wanampanda viatu, kwa sababu aliona kabisa kwamba anampoteza mkewe kwa kumheshimu mama yake kupita kiasi, na hakujua kiasi chenyewe kiko wapi.

Jioni hiyo Zuhra alimkanda miguu kwa maji ya moto. "Hebu niambie," alisema, "mie nikija kwenu Umwe, na baba yako yupo, nafanyaje?"

"Hukai karibu naye. Akija njia hii, wewe unashika ile. Akiingia mlango huu, unatokea ule."

"Na wasipokuwa na mlango wa pili?"

"Kwetu nyumba zote zina mlango wa pili."

Zuhra alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu akaendelea kumkanda, na hakuuliza tena.

Mavuno yakaisha. Mpunga ukaingia ghalani, watu wakala mchele mpya, na habari ikaja kwamba Mzee Swalehe, baba yake Mshamu, yuko njiani. Siku ya kufika kwake watu wa Mbuchi hawakwenda kazini. Walijipanga kivukoni wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya uongo ya kuwa pale. Mshamu alikuwa amevuka mapema kumpokea mzee ng'ambo, mahali ambapo njia ya miguu inakatikia kwenye maji.

Mzee Swalehe alikuja na kanzu, mwavuli, kuku wawili na kikapu cha korosho. Alikuwa hajawahi kupanda chombo cha majini maisha yake yote. Aliuangalia mkondo, ambao maji yake yalikuwa yanakupwa na kuacha ufuo mweusi pande zote mbili, akauliza kama hakuna daraja.

"Hakuna, baba."

"Na watu wanaishi huko?"

"Wanaishi vizuri, baba. Wanakula wali kila siku."

Bi Kijakazi ndiye aliyekuja kumchukua mgeni, maana mtumbwi ulikuwa wake na hangekubali mtu mwingine ampokee mkwe mwenziwe. Alikuwa amekaa nyuma na kafi, amevaa koti lake la mke wa mfalme kwa heshima ya siku ile, na Zuhra yuko mbele anasukuma kwa pondo, mti ule mrefu wa kupigia chini. Mshamu alipowaona wanakaribia alianza kutazama tope kwa macho ya mtu anayechagua mahali pa kulala. Alijua maneno gani yanamngoja mzee wake ng'ambo ile.

Mtumbwi ulibakisha kama urefu wake kufika. Mzee Swalehe akapiga hatua moja mbele, mwavuli juu, akasema, "Assalamu alaykum." Zuhra akainua uso akamwona. Akalaza pondo mtumbwini, akakaza kanga kiunoni na kichwani, akashuka majini na nguo zake zote. Maji yalimfika kifuani. Alitembea taratibu mpaka kwenye mizizi ya mikoko, akasimama hapo, amewapa mgongo, ameinamisha kichwa.

Ng'ambo ya pili watu wote walisogea mpaka ukingoni.

"Zuhra," Bi Kijakazi aliita, na hofu ilikuwa sautini, "umepatwa na nini, mwanangu?"

Zuhra alijibu bila kugeuka. "Sijapatwa na kitu, mama. Baba mkwe wangu yule."

Mzee Swalehe alishusha mwavuli. Alichuchumaa pale ukingoni, akaweka kiganja kifuani, akasema polepole. "Alhamdulillahi. Nilimwambia mama yake Mshamu, kijana anatuletea mtoto wa majini, hajui kwetu, hatatujua, tutakuwa wageni nyumbani kwetu wenyewe. Kumbe ananijua." Akamgeukia Bi Kijakazi. "Nani kamlea binti huyu, mkwe mwenzangu? Ni wewe? Mungu akulipe. Umenipa heshima ambayo hata wakwe zangu wa Umwe siku hizi hawanipi."

Bi Kijakazi alikuwa anamtazama binti yake. Mgongo ule ulioloa alikuwa ameubeba, ameuogesha, ameuchapa na kuukanda tangu una siku moja. Aliujua ukiwa umekasirika na ukiwa unadharau. Haukuwa unadharau. Ulikuwa umesimama pale kwenye maji machafu kwa upendo mtupu, unatetemeka kidogo kwa baridi.

"Basi na huyu," alisema, akamwelekeza Mshamu kwa kafi, "ndiyo maana yake hiyo hiyo?"

"Anakukimbia?"

"Msimu mzima. Ananikimbia mpaka nikadhani mie mchawi."

"Msimu mzima," Mzee Swalehe akarudia, na uso wake ukang'aa kwa fahari. "Maskini mwanangu. Nilijua kakonda kwa kitu."

Mshamu hakupaswa kumtazama mama mkwe wake, lakini alimtazama. Aliona kidevu kinamcheza, akaona anafuta jicho kwa mkono wa koti. Yeye mwenyewe akajifanya anafunga kamba za kuku.

Basi wakampakia mzee, na kumpakia mzee kulikuwa kazi. Alikaa upande, akaambiwa akae katikati, akakaa katikati akashika pande zote mbili, mtumbwi ukalala kulia, akaanza kutoa shahada kwa sauti. Mbele hapakuwa na mtu wa pondo. Maji ya kupwa yakaushika mtumbwi ukaanza kujitenga na ukingo, na mkono mmoja wa nyuma, hata uwe wa Bi Kijakazi, haukuweza kuushikilia na mzee mzito anayecheza ndani yake. Mshamu alisubiri aitwe kwa ile sauti. Alijua ikija atarukia topeni, miguu itaruka yenyewe.

Haikuja. Bi Kijakazi alichukua kanga aliyojitanda, ile ya kizingitini, akaivuta mbele mpaka ikamfunika uso wote, halafu akageuza kichwa kwenye mikoko kama mtu asiyekuwapo. Kikohozi kidogo kikatoka ndani ya kanga.

Mshamu alikijua kikohozi kile. Kilikuwa ni kile cha njiani Umwe, na hakujua Bi Kijakazi kakipata wapi, labda kwa Zuhra, labda ni vumbi tu. Alipanda mtumbwini. Akapita kwa baba yake, akashika pondo, akakaa mbele.

Wakaondoka. Zuhra alikuwa anawafuata kwa kuogelea upande wa nyuma ambako Mzee Swalehe hangemwona. Mambo yalikwenda vizuri kwa kitambo kidogo, kisha yakaenda vibaya, kwa sababu mwendesha chombo alikuwa hatazami anakoendesha. Mtumbwi ulipinda kushoto. Kafi ikapiga maji kwa nguvu zote za mkata boriti, na mikoko ikawa inakuja. Ng'ambo watu walianza kupiga mayowe ya kicheko na kuelekeza kwa mikono, huku, huku, kila mmoja upande wake.

Mshamu aliinua pondo majini. Akageuka mzimamzima mpaka akawa anaelekeana na nyuma.

"Shikamoo, mama," alisema. "Fungua uso. Tunagonga."

"Nisije nikakuvunjia adabu zako, baba."

"Nitazame tu, mama."

Kanga ikashuka. Walitazamana juu ya kofia ya Mzee Swalehe, mara ya kwanza tangu siku ya posa, na Mshamu aliona uso ule ule wa kutaniana naye juu ya makwapa ya mke wa mfalme. Hakulaaniwa. Mbingu haikuanguka. Bi Kijakazi alipiga kafi moja upande wa pili, mtumbwi ukaikwepa mikoko na kunyooka, na wakaanza kwenda kivukoni kama watu wazima.

"Marahaba," alisema baadaye kidogo. "Kweli umekonda. Huko Kibiti, nikija kumwona mwanangu, nitalala chumba gani?"

Mshamu alisukuma pondo mara moja kwa furaha. Akajibu haraka, kabla mama hajabadili mawazo.

"Changu, mama. Mimi nitalala sokoni kwenye kibanda mpaka uondoke."

Bi Kijakazi alicheka mpaka mtumbwi ukayumba, na Mzee Swalehe akaianza shahada upya.